Ruzuku ya Kilimo Katika Kaunti ya Trans Nzoia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila msimu katika mabaraza ya machifu, kwenye foleni za maghala ya nafaka na katika maduka ya agroveti ya Kitale, Kiminini, Kwanza, Endebess na Kachibora. Majibu yanahusu ruzuku ya serikali kwa wakulima wa Kaunti ya Trans Nzoia, hasa ruzuku ya mbolea, kwa kuwa ndiyo inayowafikia wengi na ndiyo inayozua malalamiko mengi. Bei zimetajwa pamoja na mwaka wake, maana hubadilika. Kabla ya kufunga safari ya ghalani, thibitisha bei ya msimu huu kwa afisa wa kilimo wa wadi yako.

Je, mkulima hupewa pesa?

Hapana. Ruzuku ya mbolea haiingii kwenye simu wala kwenye akaunti ya mkulima. Serikali ya kitaifa hulipa sehemu ya gharama ya mbolea kabla haijamfikia mkulima, naye hununua mfuko ghalani kwa bei iliyopunguzwa. Mnamo Septemba 2022, mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa kwa takriban shilingi 6,500 ulitangazwa kuuzwa kwa shilingi 3,500, na Agosti 2023 bei hiyo ikashushwa tena hadi shilingi 2,500.

Maana yake ni kwamba kiasi cha ruzuku unachopata hakijaandikwa popote kwa jina lako. Ni tofauti kati ya bei ya ghala na bei ambayo ungelipa agroveti siku hiyohiyo. Bei ya soko ikishuka, ruzuku yako hupungua hata kama bei ya ghala haijaguswa, na bei ya soko ikipanda, kama ilivyotokea mwaka 2022, ruzuku hukua bila tangazo lolote. Anayetaka kujua amesaidiwa kiasi gani na aulize bei kwa agroveti kabla ya kwenda ghalani. Tangazo la serikali pekee halitoshi kumjibu.

Kwa nini serikali isitulipe moja kwa moja, kama wakulima wa Marekani wanavyolipwa?

Swali hili huulizwa sana na walio na jamaa ng'ambo, na lina uzito wake. Huko Marekani, sheria ya kilimo ya mwaka 2014 iliweka mipango inayomlipa mkulima fedha pale bei ya zao inapoanguka chini ya kiwango kilichowekwa na sheria, au pale mapato ya zao hilo katika kaunti yake yanaposhuka kupita kiasi. Ofisi ya kilimo ya serikali kuu katika eneo lake huweka kumbukumbu za ekari na kushughulikia malipo.

Tofauti iliyopo si ya utajiri pekee. Ruzuku ya namna ile huja baada ya mavuno na humkinga mkulima dhidi ya bei mbaya. Ruzuku yetu huja kabla ya kupanda na humpunguzia gharama ya kuzalisha. Hivyo mkulima wa Trans Nzoia anaweza kununua mbolea kwa bei nafuu mwezi wa Machi, akavuna vizuri mwezi wa Novemba, kisha akapata hasara kwa sababu kila mtu amevuna vizuri na dalali analeta bei anayotaka. Ruzuku ya mbolea haimsaidii hapo, na tena kwa kuongeza mavuno ya kaunti nzima kwa wakati mmoja, inaweza kuchangia kuishusha bei hiyo. Hilo halifanyi ruzuku kuwa mbaya, ila ni vyema kujua inaishia wapi.

Nani anastahili kununua mbolea ya ruzuku?

Mkulima aliyesajiliwa katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za wakulima, unaojulikana kwa kifupi kama KIAMIS. Usajili wa nchi nzima ulifanywa mapema mwaka 2023 kupitia machifu na manaibu wao, na baadaye uliendelezwa kwa waliokosa. Taarifa zinazochukuliwa ni jina, nambari ya kitambulisho cha kitaifa, nambari ya simu, mahali shamba lilipo, ukubwa wake na mazao yanayolimwa.

Sina hati miliki, nimekodi shamba. Je, nimeachwa nje?

Hujaachwa. Anayesajiliwa ni mkulima pamoja na ekari anazolima, na katika kaunti hii ambako watu wengi hulima mashamba ya kukodi mwaka hadi mwaka, utaratibu wowote uliodai hati miliki ungewaacha nje wale hasa wanaoshika jembe. Tatizo la aliyekodi liko kwingine. Ekari zilizoandikwa ni za msimu uliojisajili. Ukikodi ekari mbili mwaka huu na tano mwaka ujao, mfumo bado unakujua kwa ekari mbili mpaka uende ukarekebishe, na wengi hukumbuka jambo hilo siku wanapopokea ujumbe wa simu unaowaruhusu mifuko michache kuliko wanayohitaji.

Lipo pia suala la familia zilizosajili shamba moja mara mbili, mara moja kwa jina la mwenye ardhi na mara ya pili kwa jina la anayelima. Kabla ya kulipa kodi ya shamba, keti na mwenye shamba mkubaliane ekari hizo zitahesabiwa kwa nani. Ni afadhali neno hilo limalizwe mapema nyumbani kuliko mbele ya karani wa ghala.

Na mama ambaye shamba ni la mumewe?

Anaweza kujisajili kwa kitambulisho chake na kwa nambari yake ya simu, mradi ekari zile zile zisiandikwe kwa watu wawili. Hili lina matokeo yanayoonekana: ujumbe wa vocha hufika kwenye simu iliyosajiliwa. Ikiwa mume anafanya kazi Nairobi na simu iko naye, mama anayelima Sibanga atangoja ujumbe utumwe upya kutoka kwa mumewe, na mara nyingine hautumwi.

Nikifika ghalani, mambo huendaje?

Ukishasajiliwa na mbolea ikishafika, hupokea ujumbe mfupi wenye vocha ya kielektroniki unaoonyesha aina ya mbolea na idadi ya mifuko unayoruhusiwa. Ununuzi hufanyika katika maghala ya Halmashauri ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, yaani NCPB, na pia katika vituo vya ziada vilivyofunguliwa ili kupunguza mwendo, vikiwemo vya vyama vya ushirika. Nenda na kitambulisho chako halisi, maana picha yake kwenye simu inaweza kukataliwa, na uende na simu iliyopokea ujumbe ikiwa na chaji. Karani hulinganisha nambari ya kitambulisho na vocha, unalipa kwa simu au kwa njia ya benki, kisha unapewa stakabadhi na kuelekezwa kwenye mlango wa kupakia.

Usiondoke kwenye mlango huo kwa haraka. Geuza mfuko uangalie mshono wa mdomoni: mfuko wa kiwandani hushonwa kwa uzi mmoja ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na tundu za mshono wa zamani pembeni mwa mshono mpya ni dalili kwamba ulifunguliwa. Soma jina la mbolea, viwango vya virutubisho na alama ya ubora ya KEBS, yaani shirika la viwango la Kenya, na uhakikishe vinafanana na kilichoandikwa kwenye stakabadhi. Stakabadhi hiyo itunze mpaka mahindi yatoke shambani. Wakulima waliouziwa mbolea mbovu mwaka 2024 na kutaka kufidiwa walihitaji kuonyesha walichonunua, na ushahidi wao ulikuwa karatasi ile.

Kwa nini mbolea huchelewa?

Hili ndilo swali kuu, na kwa maoni ya mwandishi ndilo linaloamua kama ruzuku ina faida au haina. Wanasiasa huzungumza kuhusu bei kwa sababu bei hutangazika. Mkulima huona tarehe.

Kenya huagiza karibu mbolea yake yote ya viwandani kutoka nje. Ununuzi lazima uanze miezi mingi kabla ya mvua: zabuni itangazwe, fedha zitolewe, meli ipakiwe na kufika Mombasa, mzigo upakuliwe na kufungashwa, kisha usafirishwe zaidi ya kilomita 800 hadi Kitale. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, wakati mahindi ya Trans Nzoia yakiwa tayari shambani, na msimu wa kupanda huanza mvua za masika zinapoingia mwezi wa Machi au Aprili. Fedha zikicheleweshwa kwa miezi miwili tu katikati ya mwaka wa fedha, mbolea ya kupandia hufika wakati watu wanapalilia. Zaidi ya hayo, kaunti za eneo hili hupanda karibu kwa wakati mmoja, kwa hiyo Uasin Gishu, Bungoma, Nandi na Trans Nzoia hugombea malori yale yale katika wiki zile zile.

Sasa tazama hali ya mkulima mdogo wa Endebess anayehitaji mifuko miwili. Tuseme agroveti iliyo karibu naye inauza kila mfuko kwa shilingi 1,500 zaidi ya bei ya ghala. Ruzuku yake yote ni shilingi 3,000. Akisafiri hadi Kitale akute foleni ndefu na shehena imekwisha, arudi nyumbani, asafiri tena wiki inayofuata, alipe bodaboda au matatu mara nne na kibarua wa kubeba, sehemu kubwa ya shilingi 3,000 imekwisha kuliwa njiani. Na ikiwa katika kungoja huko amepanda wiki mbili baada ya majirani zake, hasara ya mavuno itazidi ruzuku yenyewe. Mkulima wa ekari 50 mwenye lori lake huenda mara moja, hupakia, na gharama ya safari hugawanyika kwa mifuko mingi kiasi cha kutoonekana. Bei ni moja kwa wote wawili, lakini ruzuku wanayoipata si moja.

Kwa sababu hiyo, kituo kipya cha kuuzia mbolea katika wadi ya mbali, kilichofunguliwa mwezi wa Februari, kinaweza kumsaidia mkulima mdogo kuliko kupunguza bei kwa shilingi nyingine 500. Wanaohudhuria vikao vya bajeti vya wadi na walidai hilo kwa majina ya sehemu na kwa tarehe.

Naweza kununua mapema nikaweka?

Unaweza, na ni jambo la busara ikiwa mbolea ipo baada ya mavuno, wakati foleni ni fupi. DAP, mbolea ya kupandia, haiharibiki ikiwekwa mahali pakavu, juu ya mbao, mbali na ukuta. CAN, mbolea ya kukuzia, ni ya kuangaliwa zaidi kwa kuwa hunyonya unyevu na kuganda. Kizuizi halisi ni fedha: mwezi wa Januari ni wa karo za shule, na mkulima anayeuza mahindi ili alipe karo hana cha kununulia mbolea ya Machi.

Ekari moja inahitaji mifuko mingapi?

Kwa mahindi, kawaida ya wengi hapa ni mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa kila ekari. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una takriban kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Mfuko wa CAN huongeza takriban kilo 13 za naitrojeni. Hicho ni kipimo cha jumla, na udongo wa shamba lako unaweza kusema vingine.

Udongo wa sehemu nyingi za kaunti hii una asidi, na DAP ikitumiwa mfululizo kwa miaka mingi huongeza asidi hiyo. Udongo ukiwa na asidi kali, fosfeti uliyoinunua kwa bei ya ruzuku hushikwa na madini ya udongo na mahindi hayaipati. Mkulima huona majani ya zambarau kwenye mimea michanga, hulaumu mbolea, na mwaka unaofuata huongeza mfuko mwingine wa DAP. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, inayosambazwa na kuchanganywa na udongo mapema kabla ya kupanda, pamoja na kubadili aina ya mbolea. Mjini Kitale kuna kituo cha shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, na hapo unaweza kuulizia upimaji wa udongo. Kipimo kimoja cha udongo ni gharama ndogo ukilinganisha na mbolea ya misimu mitatu iliyomwagwa bure.

Ilikuwaje kuhusu mbolea bandia ya mwaka 2024?

Mwezi wa Machi 2024, wakulima wakiwa wamekwisha kuanza kununua mbolea ya masika, ilifichuliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kupitia mpango wa serikali haikufikia viwango, na kwamba mingine ilikuwa na vitu visivyo na thamani ya mbolea hata kidogo. KEBS ilisimamisha vibali vya baadhi ya watengenezaji, kesi zikafunguliwa mahakamani, na serikali ikaahidi kuwafidia waathiriwa kwa kuwapa mbolea nyingine. Tarehe 2 Mei 2024, Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati maalumu ya wabunge 11 iliyochunguza mashtaka hayo ilimwondolea lawama kwa kura 7 dhidi ya 4.

Kwa mkulima, shida ya mbolea bandia ni kwamba huijui mpaka muda umepita. Mfuko mbaya wa unga hurudishwa dukani siku hiyohiyo. Mbolea mbaya huonekana wiki kadhaa baadaye, mimea inapokuwa myembamba na ya manjano, na hata hapo afisa atakuuliza kama mvua ilikuwa ya kutosha na kama mbegu ilikuwa sahihi. Kwa hiyo hifadhi kilo moja ya kila mbolea uliyopanda nayo ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, pamoja na kipande cha mfuko chenye maandishi na stakabadhi yako. Kama kutazuka mgogoro, sampuli hiyo inaweza kupimwa.

Je, naweza kuuza vocha yangu au mbolea niliyoipata?

Hapana. Mbolea hiyo imepunguzwa bei kwa fedha za umma ili itumike shambani. Watu wamekamatwa nchini kwa kununua mbolea ya ruzuku na kuihamishia kwenye mifuko mingine ili waiuze kwa bei ya soko. Anayekuja nyumbani kwako kukupa shilingi mia chache kwa ujumbe wa simu huwa anafanya kazi hiyo.

Nani hufaidika zaidi, mkulima mdogo au mkubwa?

Kwa hesabu ya mfuko, wote ni sawa. Kwa hesabu ya fedha za umma, anayelima ekari nyingi hupokea nyingi. Mwaka 2022, tofauti ya bei ilipokuwa karibu shilingi 3,000 kwa mfuko, mkulima wa ekari moja anayetumia mifuko miwili alipunguziwa takriban shilingi 6,000, na yule wa ekari 50 angepunguziwa takriban shilingi 300,000 iwapo aliipata mifuko yote.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Mpango wa NAAIAP, ulioanza mwaka 2007, uliwalenga wakulima maskini wenye mashamba madogo: mmoja alipewa kilo 10 za mbegu bora ya mahindi na kilo 100 za mbolea, yaani mahitaji ya ekari moja, kupitia vocha aliyoipeleka kwa agroveti aliyeidhinishwa. Njia hiyo ilikuwa na kasoro zake, hasa katika kuwateua wanufaika, ambako jina la mjomba wa fulani lilipanda kwenye orodha. Lakini iliweka kikomo kwa kila mtu, na iliwaacha agroveti wa vijijini katika biashara. Mfumo wa sasa unaopitia maghala huwapita wenye maduka hao, nao ndio ambao mkulima huwakimbilia wakati ghala halina kitu. Duka likifungwa kwa kukosa wateja mwezi wa Februari, halitakuwepo mwezi wa Aprili.

Ruzuku hizi zilianza lini?

Si jambo la juzi, na historia yake katika wilaya hii si ya usawa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia mwaka 1942, serikali ya kikoloni iliwawekea walowezi mpango wa dhamana ya mapato: mlowezi aliyepanda mahindi au ngano kwenye ekari zilizoidhinishwa alihakikishiwa kiasi fulani kwa ekari hata mavuno yakifeli, na alipewa msaada wa kulima ardhi mpya. Mahindi ya walowezi yalinunuliwa kwa bei ya juu kuliko ya Waafrika. Trans Nzoia ilikuwa katika Nyanda za Juu za Wazungu, kwa hiyo fedha hizo zilijenga mashamba makubwa ambayo wazee wa leo waliyafahamu wakiwa vibarua. Dhamana hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa baada ya uhuru.

Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 kituo cha utafiti cha hapo kikatoa mahindi chotara ya H611, mbegu iliyoongeza mavuno na pia iliyoongeza haja ya mbolea. Udhibiti wa bei ya mbolea uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, soko likaachiwa wafanyabiashara. Bei ya dunia iliporuka mwaka 2008, serikali ilirudi kuuza mbolea ya bei nafuu kupitia NCPB, na tangu hapo mpango huo umebadilishwa jina, njia na bei mara kadhaa.

Tanzania nayo ilipita njia inayofanana: mpango wa vocha wa kitaifa ulioanza mwaka 2008, kisha ruzuku mpya ya mbolea iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Mbeya siku ya Nane Nane mwaka 2022, ikiwa na usajili wa wakulima kama wetu.

Kazi ya serikali ya kaunti ni ipi?

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti kilimo na ufugaji, na kuiachia serikali ya kitaifa sera ya kilimo. Kwa vitendo, ununuzi wa mbolea ya ruzuku na bei yake viko Nairobi, ilhali maafisa wa ugani, barabara nyingi za mashambani na maghala madogo ya wadi viko mikononi mwa kaunti. Mbolea ikikosekana, kila upande huelekeza kidole kwa mwenzake. Uliza swali mahususi: kama mzigo haujafika Kitale, hilo ni la serikali ya kitaifa, kama uko Kitale lakini hauwezi kufika Kachibora, kaunti ina la kujibu.

Je, kuna msaada wowote unaolipwa kwa fedha?

Upo, lakini hupitia vikundi. Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa kaunti 21 za mradi wa NARIGP, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambapo vikundi vya wakulima wenye shughuli moja viliandika mapendekezo na kupokea ruzuku kwenye akaunti zao za benki. Kikundi kilichosajiliwa, chenye kumbukumbu za mikutano na akiba yake, ndicho kilichofaulu. Vikundi vilivyoundwa wiki moja kabla ya fomu kutolewa vilifahamika mara moja kwa mihuri yao mipya.

Na bima ya mazao?

Serikali ilizindua bima ya mahindi mwaka 2016, ikianza na Bungoma, Embu na Nakuru, na ikachangia nusu ya ada. Fidia ilitegemea wastani wa mavuno ya eneo zima, kwa hiyo mkulima aliyepoteza peke yake katika eneo lililovuna vizuri hakulipwa. Muulize wakala kuhusu kipengele hicho kabla ya kulipa.

Ruzuku inanisaidiaje wakati wa kuuza?

Haikusaidii moja kwa moja. Baada ya mavuno ya mwaka 2023, serikali ilitangaza kununua gunia la kilo 90 kwa shilingi 4,000 kupitia NCPB, lakini ghala hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mvua za El Niño za miezi hiyo ziliyakuta mahindi mengi yakiwa bado mabichi. Mwenye turubai na jua la siku tatu aliuza ghalani. Aliyekosa aliuza kwa dalali kwa bei ya dalali. Ghala likiwa na mashine ya kukaushia, uliza ada yake kwa kila gunia na urefu wa foleni kabla ya kukodi gari.

Je, orodha ya walionunua mbolea ya ruzuku ni siri?

Nchini Marekani, malipo ya ruzuku ya kilimo huweza kutafutwa kaunti kwa kaunti na kwa majina ya wanufaika, jambo ambalo limewawezesha raia kuona nani hupokea kiasi gani. Kwetu, majina na nambari za simu za wakulima hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ni sawa zilindwe, maana orodha kama hiyo ingekuwa zawadi kwa matapeli wa simu. Lakini takwimu zisizotaja watu hazina sababu ya kufichwa: ni mifuko mingapi ilipelekwa kila ghala, ilifika tarehe gani, iliuzwa katika wiki zipi, na ni wakulima wangapi walinunua zaidi ya mifuko 50.

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 humpa kila raia haki ya kuomba taarifa hizo. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na si lazima ueleze unazitakia nini. Taja ghala, msimu na takwimu unazotaka, weka tarehe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ofisi husika ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza au ikikataa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ombi la msimu wa masika likiandikwa mwezi wa Juni, jibu linaweza kupatikana kabla ya bunge la kaunti kurejea kwenye mipango ya msimu unaofuata.